Nguzo za Sukari Dirishani

Siku yangu ya kwanza katika bekari, huko Elburgon, nilipewa mikebe ya mkate niipake mafuta. Miaka minne baadaye nikahamishiwa duka kubwa la Nakuru, upande wa keki, chini ya fundi mkuu, mama mmoja mkali wa Bondeni. Alinishika vidole akasema, "Mikono baridi, haitayeyusha sukari. Utafaa."

Alinifundisha kukanda sukari ya unga na jelatini mpaka iwe kama udongo wa mfinyanzi, kisha kuunganisha vipande kwa aisingi, rojo ya sukari na ute wa yai.

Karibu na Krismasi, meneja alileta picha ya Parthenoni, hekalu la kale la Wagiriki kule Athene. "Nataka hii kwa dirisha. Nguzo zote. Na iwe ya kuliwa yote, sio maboksi yaliyopakwa sukari."

Nikalijenga hekalu hilo, lakini mvua haikukatika wiki hiyo, na sukari hunywa unyevu wa hewa ikalegea. Siku ya tatu paa likaanza kulala upande. Fundi mkuu alikuwa likizo. Kwa hofu ya kuonekana nimeshindwa, sikumwambia mtu. Nikapenyeza kijiti cha mishikaki ndani ya kila nguzo, nikaziba kwa aisingi. Hekalu likasimama. Watu walijaa dirishani wakipiga picha.

Jumamosi nikamsikia meneja nje na maikrofoni: "Watoto, pangeni laini! Leo tunavunja, kila mtu apate nguzo yake!"

Nilitoka mbio. Msichana mdogo alikuwa tayari amepewa nguzo, amefungua mdomo.

"Usiume!" Nikampokonya. Akalia.

"Wewe mathe, una shida gani?" mama yake akafoka.

Nikaivunja ile nguzo. Kijiti kikatokeza, ncha yake kali kama sindano.

"Ziko hivi zote?" meneja akauliza, maikrofoni bado mkononi.

"Zote, boss. Ni mimi niliweka."

Tulizikusanya moja moja, meneja akiwaomba wazazi radhi. Fundi mkuu aliporudi alisema tu, "Ungesema paa linalala, tungelipunguza uzito." Nikarudishwa kwenye mikate mwaka mzima.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Rhonda, hapa Nakuru. Vijana wanaopamba keki za ghorofa huniuliza vijiti huwekwa vipi. Nawaonyesha, nawaambia wavihesabu na wamjulishe mwenye keki. Lakini harusini, mtoto akipewa kipande, siwezi kuongea na mtu mpaka nimwone amemeza.