Mwenyekiti Soudi na Chungu cha Joséphine

Safi alizaliwa Kasuku, mtaa wa mji wa Kindu huko Kongo, katika ukoo wa Waislamu wa zamani, watu waliojiita waungwana na kuwaita wenzao wa msituni washenzi, kana kwamba ustaarabu ni kanzu iliyopigwa pasi. Aliyezidi wote kwa dharau hiyo alikuwa shemeji yake, Soudi.

Mwaka wa 2002 Joséphine aliingia mjini akitokea Pangi, kule msituni, mumewe mchimba madini ameuawa njiani. Safi, naye mjane, alimpa chumba. Soudi akaja na uso uliokunjamana, akasema nyumba ya marehemu kaka yake si kambi ya watu wa porini. Safi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha mlango.

Punde mji ukazingirwa na wanamgambo. Waliothubutu kwenda mashambani hawakurudi. Mchele ulipokwisha, ilionekana kwamba uungwana haupikiki. Joséphine ndiye aliyejua majani gani ya kando ya reli yanalika, na jinsi ya kuloweka viazi vya mwitu hadi sumu itoke. Yeye na Safi wakawa wanapika chungu kimoja. Na Soudi? Kila adhuhuri alimtuma mkewe mlango wa nyuma na bakuli lililofunikwa, asionekane na majirani. Joséphine alilijaza.

Siku hizi Soudi ni mwenyekiti wa kamati ya mshikamano. Ana kofia maalumu. Mwezi uliopita walifanya sherehe, Safi akawekewa kiti mstari wa mbele. Joséphine naye aliitwa: kupika. Soudi alihubiri saa nzima kwamba wakati wa vita hakumbagua mtu, kisha akampa Safi kipaza sauti ashuhudie.

Safi aliona aibu kwa kiti alichokalia.

“Shemeji anasema kweli,” alisema. “Hakubagua. Chakula cha mushenzi alikula chote. Mwenye alimupikia iko kule nyuma, anaosha masahani yake.”

Wengine walicheka, wengine wakainamisha vichwa. Soudi alitangaza kwamba kipaza sauti kimeharibika, akaomba muziki. Safi akaenda nyuma, akamshika Joséphine mkono, wakaondoka, sahani zikibaki na mafuta yake.

Njia nzima Joséphine alinung'unika kwamba wangengoja kwanza nyama iliyobaki jikoni iive.

Soudi bado ni mwenyekiti. Kamati haikuona kasoro.