Soksi za Njano

Generosa alikuwa mwoga. Tuseme ukweli mapema, maana watu wa Coon Rapids, Marekani, siku hizi wanamsimulia utadhani alizaliwa na moyo wa simba. Moyo gani! Aliogopa nyoka, aliogopa lifti, aliogopa barafu ya kwenye ngazi, na kuliko vyote aliogopa maiti. Hilo la maiti lilianza akiwa na miaka sita, kwao Kibosho, Tanzania, siku ya kumuaga baba yake. Shangazi alimbeba juu mpaka usawa wa jeneza akamwambia, "Mguse baba kwenye paji la uso, umuage." Akamgusa. Ule ubaridi ulimwingia vidoleni, ukakaa humo miaka ishirini na mitano.

Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, akaenda kuangukia kazi gani? Ya kuhudumia wagonjwa, tena wazee. Alikuja Minnesota kusoma, masomo yakaisha, na mlango wa kwanza uliofunguka ukawa wa hospitali. Akasema ni ya muda tu. Mwaka wa 2008 ulimkuta bado yupo, anageuza wazee kitandani na kuwachana nywele, na wazee wenyewe wanampenda.

Pale kazini kulikuwa na utaratibu mmoja ambao unafundishwa kabla hata hujaonyeshwa choo kilipo. Mgonjwa ambaye miguu yake haina nguvu, anayeweza kuanguka wakati wowote, anavishwa soksi za njano zenye vitone vya mpira chini, asiteleze. Ukiona soksi za njano zinatembea peke yake kwenye korido, unaacha ulichoshika unakimbia.

Mwanzoni mwa Oktoba, Generosa aliingia chumba namba kumi na nne na chai ya asubuhi. Kitanda kitupu. Chini, upande wa dirishani, miguu miwili, soksi za njano, nyayo zimeelekea mlangoni. Bibi wa watu kalala kifudifudi, kimya. Generosa alisimama na trei yake. Kichwa kilimwambia kimbia umshike, umwite, bonyeza kengele. Mwili ulikataa. Vidole vilikumbuka lile paji la uso. Akabaki pale mlangoni kama kapigwa msumari, mpaka rafiki yake Makena akapita na mashuka, akachungulia, akamsukuma pembeni akaingia.

Bibi alikuwa hai. Nyonga ilivunjika. Siku ya nne akafariki.

Hakuna aliyemlaumu Generosa kwa mdomo. Mkuu wa zamu, mama mmoja wa Kimarekani mwenye sauti ya taratibu, alimpa mapumziko ya wiki mbili na kumwambia, "Jumatatu ile utakaporudi, njoo uniambie jambo moja tu. Kazi hii unaiweza au huiwezi? Kama huiwezi si dhambi, lakini nataka nijue, kwa ajili ya wagonjwa." Generosa alilia siku tatu. Kazi alikuwa anaitaka. Alichokuwa hajui ni kama mwili wake utamtii siku nyingine.

Makena, Mmeru wa Kenya, hana dogo wala hana siri. Ijumaa ya wiki ya pili alimpigia simu.

"Gene, shida yako ni moja tu. Huja-get used, hujazoea. Kesho nakupeleka Anoka."

"Anoka kuna nini?"

"Maiti," Makena akasema, anacheka. "Za plastiki. Mji mzima."

Na kweli. Anoka ni mwendo mfupi tu kwa gari kutoka Coon Rapids, mji mtulivu wa kando ya mto, lakini ikifika Oktoba unajiita makao makuu ya dunia nzima ya Halloween, sikukuu ya kutishana. Mimi sijui nani aliwaambia watu kwamba kuogopa ni starehe. Mtu anatoka nyumbani kwake salama, anapanga foleni, anataka atishwe. Haya. Kila mtu na raha yake.

Jumamosi saa nne asubuhi waliegesha gari mtaa wa makazi, mbali kidogo na barabara kubwa ambako gwaride lingepita mchana. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Generosa alijifunga kilemba chekundu, akaingiza mikono mifukoni, akawa anatembea ameng'ang'ania mkono wa Makena. Kulia mifupa imekaa kwenye viti inakunywa bia. Kushoto makaburi ya maboksi yamepangwa kwenye majani. Nyumba moja ilikuwa na spika kichakani, inaguna, inacheka, inaguna tena.

"Unaona? Hakuna kitu," Makena akamwambia. "Plastiki na rangi. Gusa hii."

"Sigusi."

"Aki nyinyi Wabongo! Gusa tu kidole."

"Makena, ukinilazimisha nakuacha hapa hapa narudi kwa miguu."

Wakafika kwenye nyumba nyeupe yenye baraza pana. Barazani palikuwa pamejaa midoli ya kutisha. Mmoja mwenye kichwa cha boga kaketi kwenye kiti cha kubembea. Wawili wananing'inia darini kwa kamba, upepo unawageuza. Na wa nne kalala sakafuni karibu na mlango, kajifunika joho la bluu mpaka puani. Generosa aliangalia chini haraka, akakaza mwendo.

Ndipo sauti ikatoka barazani, kwa Kiingereza. Nyembamba, kavu. "Nisaidieni."

Alikimbia. Hakujua amekimbia mpaka alipojikuta kona ya pili, anahema, kiatu kimoja kimefunguka. Nyuma yake ile sauti ilikuwa imesema tena, "Tafadhali, dada." Makena alimfikia akiwa amejishika mbavu kwa kicheko, na familia moja iliyokuwa inapita ilikuwa inacheka pia, si kwa ubaya, wanacheka tu kwa sababu ndicho kilichowaleta.

"Umewapa show ya bure!"

"Kimesema dada," Generosa akasema.

"Nini?"

"Kile kitu. Kimesema dada. Kaseti inajuaje anayepita ni mwanamke?"

"Gene. Wanaweka mtu ndani na maikrofoni, anakuona dirishani. Relax basi."

Jibu lilikuwa la akili, na Generosa alilipokea kwa mikono miwili, kwa sababu lilimruhusu asirudi. Hapo ndipo pa kushika, ewe msomaji. Alilipokea kwa sababu lilimruhusu asirudi.

Gwaride likapita. Bendi za shule zikapiga ngoma, wachawi wa miaka minne wakatupiwa peremende, magari ya zamani yakapiga honi. Makena alikula soseji mbili. Generosa alisimama na kikombe cha kahawa ambacho kilipoa bila kunywewa. Kila ngoma ilipotulia alisikia "tafadhali, dada." Alijiambia ni mchezo. Akajiambia tena. Mara mbili alifungua mdomo kumwambia Makena turudi tukaangalie, na mara zote mbili aliuona ule mlango wa chumba namba kumi na nne, akaufunga mdomo. Itakuwaje kama ni kweli? Itakuwaje akifika, na mwili ukakataa tena?

Saa nane na nusu watu walianza kutawanyika.

"Tupite njia nyingine," Generosa akasema.

"Gari liko kule, mama. Njia nyingine ni mtoni."

Walipoikaribia nyumba nyeupe, watu kama ishirini walikuwa wamesimama kando ya barabara wanapiga picha. Baba mmoja alikuwa amewapanga watoto wake kwenye ngazi, chini ya wale wawili wa kamba. Generosa alikuwa amepanga kufumba macho. Miguu yake ikapunguza mwendo yenyewe. Akajiambia, tazama miguu tu, usitazame uso, tazama miguu halafu upite.

Akatazama. Joho la bluu lilikuwa limepanda mpaka magotini, nyayo zimeelekea ngazini. Soksi za njano. Vitone vya mpira, vyeupe, safu kwa safu.

Hakuna duka linalouza maiti ya Halloween iliyovalishwa soksi hizo. Hizo unazipata sehemu moja tu, hospitalini, na unarudi nazo nyumbani umeruhusiwa, umeambiwa utembee taratibu.

Mwili ukakataa. Sitakudanganya. Ulikataa vile vile, mkono ukaenda mdomoni. Akasikia mlio masikioni. Na katikati ya mlio huo, zile nyayo zikasogea, kidogo sana, kama mtu anayejaribu kujifunika.

Sijui alipandaje ngazi. Yeye mwenyewe hajui. Alijikuta amepiga magoti kwenye mbao za baraza, na kwa sababu mdomo wa mtu aliyelelewa vizuri hufanya kazi hata akili ikiwa imeondoka, kitu cha kwanza alichosema kilikuwa "Shikamoo, baba." Akanyoosha vidole, akamgusa paji la uso.

Baridi. Baridi ile ile. Kila kitu ndani yake kilimwambia ni maiti, kimbia.

Mkono ukatoka chini ya joho ukamshika kifundo cha mkono.

Generosa alipiga ukelele ambao Anoka nzima lazima iliusikia. Na watu kule barabarani, unajua walifanya nini? Walipiga makofi. Walipiga miluzi. Mtu akasema, safi sana, hiyo ndiyo bora ya leo.

"Ni mtu!" akapiga kelele kwa Kiingereza. "Ni mtu wa kweli! Piga simu! Anakufa!"

Wakacheka zaidi. Kamera zikainuliwa. Wale watoto wa kwenye ngazi walirudi nyuma wakijificha kwa baba yao, na baba yao anatabasamu. Simu ya Generosa ilikuwa kwenye gari. Mzee, maana sasa aliona ni mzee, midomo ya bluu, nywele nyeupe zimegandamana, alikuwa amemshika mkono kwa nguvu yote iliyombakia, na kila alipojaribu kunyanyuka alimshika zaidi. Generosa aliwatazama wale watu ishirini, nyuso zimejaa furaha, na akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Hakuwa anamwogopa mzee tena. Alikuwa anawaogopa wao.

Na Makena alikuwa katikati yao, simu mkononi, anarekodi. "Gene! Wewe ni actress! Endelea!"

"Makena!" Sauti ilitoka imepasuka. "Makena, soksi za njano! Ana soksi za njano!"

Kicheko cha Makena kilikatika hapo hapo. Akaishusha simu, akaangalia nyayo. Halafu akatupa mkoba chini na kuja mbio, anawapiga watu viwiko, anabonyeza namba ya dharura huku anapanda ngazi. Watu walipoona yule aliyekuwa anacheka nao amebadilika uso, ndipo wakaanza kutazamana. Kicheko kikafa kidogo kidogo, wa mwisho kunyamaza akiwa mwanamke mmoja aliyevaa mabawa.

Walimfunika kwa makoti yao mawili. Hawakumsogeza, nyonga ile ilikuwa inaonekana imevunjika. Generosa alilala ubavuni pake kwenye mbao, kifua chake mgongoni kwa mzee, kumpa joto, huku wale wa darini wakigeukageuka juu yao. Baba wa wale watoto alikuja na blanketi la gari lake, machozi yanamtoka, anasema samahani, samahani, sijui kwa nani.

Mzee aliitwa Harrison. Alikuwa ametoka hospitali juzi yake. Hiyo midoli binti yake alikuwa ameipanga barazani kama kila mwaka, akaenda zake kazini. Asubuhi mzee alitoka kuokota gazeti, akaanguka. Hayo aliyasema kwa vipande, kila neno na pumzi yake.

"Nilikuwa nawaita," akasema. "Wananipungia mkono."

"Nyamaza baba, wanakuja. Nasikia king'ora."

Mzee aligeuza macho yake taratibu mpaka yakamfikia. Yakakaa kwenye kilemba.

"Nyekundu," akasema. "Wewe ndiye wa asubuhi. Nilikuita. Ukakimbia."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu. Watu wa ambulensi walikuwa wameshafika wanapanda ngazi, wanamwomba Generosa apishe. Ilibidi wamfungue mzee vidole kimoja kimoja.

Njia nzima ya kurudi Makena alikuwa kwenye simu. Aki huwezi amini, Gene ameokoa mtu, Gene huyu huyu mwoga. Mpaka wanafika Coon Rapids nusu ya Watanzania na Wakenya wote wa mji walikuwa wanajua. Jumapili kanisani walimsimamisha, wakampigia vigelegele. Alisimama akatazama viatu vyake.

Jumatatu alibisha ofisini kwa mkuu wa zamu. Yule mama alinyanyuka akamkumbatia.

"Makena kanisimulia yote. Basi jibu nimeshalipata."

"Hujalipata," Generosa akasema. "Nilimpita. Saa nne aliniita, nikamsikia, nikakimbia. Nikashinda mpaka saa nane na nusu nina shaka moyoni, nikijiambia ni mchezo. Shaka hiyo Makena haijui. Sasa unajua wewe."

Mkuu wa zamu alikaa.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Nilikwenda kumwona jana. Hawajui kama atatembea."

"Kwa hiyo unaniambia huiwezi?"

Kwenye korido mtu alikuwa anaita, mzee fulani, sauti nyembamba, na kichwa cha Generosa kilikuwa tayari kimegeukia mlangoni.

"Nipangie chumba namba kumi na nne," akasema, na akatoka kwenda kumwangalia anayeita.