Samahani Kidogo, Napita Hapo

Kocha Delmar Rudzinski hajui kuangalia mpira. Mpira ukiwa hewani uwanja mzima unasimama, yeye macho yako kwenye viuno vya walinzi, yale majitu yanayojipanga mbele ya mrushaji ili wapinzani wasije wakamvunja mbavu. Ndiyo kazi aliyozeekea kwenye mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa kwa mkono, hapa Wisconsin. Hata kwenye arusi ya bintiye alimfokea bwana harusi akunje magoti.

Kiangazi hicho roho ilikuwa juu kwa ajili ya Lowell Haugen, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, mwili kama ghala la nyasi. Kocha ndiye aliyeng'ang'ania achukuliwe. Sasa siku ya kupunguza wachezaji inakaribia, na Bi Olstad, bosi wa timu, kashasema: "Delmar, huyo mtu wako akipitwa tena, anarudi kukamua."

Na alikuwa anapitwa kweli! Kocha alirudisha mkanda wa video nyuma mpaka macho yakamwuma. Miguu safi, mikono safi, kiuno chini. Halafu, jamani, ghafla kijana anasogea pembeni kama mlango wa supamaketi, adui anaingia, mrushaji chali.

Jibu alilipata kwenye foleni ya chakula. Lowell alikuwa ameziba meza yote ya jibini. "Samahani kidogo, napita hapo," Kocha akasema, kama kila mtu anavyosema huku. Lile jitu likateleza pembeni bila hata kugeuka.

Sahani ikamtoka Kocha mkononi. "We! Wapinzani huwa wanakuambia samahani?"

"Wote, Kocha. Wameshaambiana." Masikio yamemwiva. "Sasa mtu kaomba njia, utamnyimaje? Mama akisikia..."

"Mama yako yuko zizini!"

Lakini Kocha naye ni wa huku huku. Angemfundishaje mtu utovu wa adabu? Akakuna kichwa. Huku hakuna anayebanduka mlangoni kabla hajajibu habari za nyumbani, hata theluji ikimfunika. "Sikiliza. Akiomba njia, mwulize mama hajambo."

Mechi ya mwisho ya majaribio, Marquis Tolliver, mzaliwa wa Milwaukee, huku huku Wisconsin, anayechezea wapinzani, akaja mbio. "Samahani, napita!"

"Haya, kaka. Mama hajambo?"

Tolliver akafunga breki. Mrushaji akarusha kwa raha zake, pointi zikaingia. Wale wawili bado wamesimama. Mara Lowell akamkumbatia, na mwamuzi akatupa kitambaa cha njano: kosa, kamshika mpinzani.

Kesho yake Bi Olstad alikuwa mbele ya mkanda, kalamu iko juu ya jina la Haugen. "Kamshika, Delmar. Pointi zetu zimefutwa."

"Mpira ulishatoka, bosi. Tolliver alimwambia mama yake kalazwa, moyo. Angemwachaje?"

Bi Olstad akatazama tena. Jitu zima linalia begani mwa jitu jingine, na watu wanawaruka.

"Sasa anaendeleaje?"

"Sijui. Tunakutana nao tena Novemba."

Bi Olstad akafunika kalamu. "Basi abaki," akasema, "atuulizie."