Godoro la Shangazi Felista

Sogea unisikilize, mwanangu, kabla hujapigilia msumari wa kwanza. Umeniambia unafungua studio ya kuhariri video hapa nyumbani, na nimefurahi kweli. Ila chumba ulichonionyesha, na godoro la wageni ulilolishusha kitandani ulikate, vimenirudisha mbali.

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, tukikaa Mkuyuni, Mwanza. Maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa vitu vya Dubai, nami kijana nilikuwa nimepata deki mbili za video, televisheni ndogo na kamera ya kubeba begani. Jumamosi napiga video za harusi, wiki nzima nakata na kuunganisha picha. Nilichagua chumba cha wageni: kina dirisha moja, kiko mbali na moshi wa jikoni. Tatizo lilikuwa mwangwi. Kila nikirekodi maelezo, sauti inagonga ukuta na kurudi. Sponji humeza mwangwi, mwanangu, na hilo ni kweli hata leo. Basi nikalikata godoro la wageni vipande, nikavipigilia ukutani.

Asubuhi hiyo meli ya kutoka Nansio, ng'ambo ya ziwa, ikamleta shangazi yangu Felista, dada yake baba. Chumba kile tulikiita chake, maana kila akija mjini alilala humo. Alifika na kikapu cha dagaa kichwani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona chumba changu kina kufuli?"

Nikamfungulia. Akatazama ukuta muda mrefu.

"Godoro langu limekosa nini hata likasulubiwa?"

Nikacheka. "Siku hizi mashine ndizo zinalala humu, shangazi. Na hao dagaa waache nje, vumbi lao litaharibu mikanda."

"Haya. Na hao wageni wako wapya wanakula nini?"

"Umeme."

"Basi wana bahati. Hawatakuomba ugali."

Alisema kwa utani, nami nikaupokea kama utani. Usiku alilala sebuleni kwenye mkeka, na yeye mgongo ulikuwa unamsumbua. Zamani alikuwa akikaa mpaka mama amsihi asiondoke. Safari hiyo aliondoka kesho yake.

Hakulala kwetu tena. Alipougua na kuletwa hospitali Mwanza, alifikia kwa mwanamke wa jumuiya yake ya kanisa, huko Igoma. Mimi nilipata habari tayari amerudishwa Nansio, na nilipovuka ziwa nilikuta matanga.

Binamu zangu wakaniomba picha yake yoyote inayotembea, wamwone akicheka. Nikajifungia studio, nikapitisha mkanda baada ya mkanda. Niliona mabibi harusi wa watu, mashangazi wa watu wakicheza na kanga mabegani. Wangu hakuwemo. Kamera ilikaa kwenye nyumba aliyokuwa akija, na sikuwahi kumwelekezea.

Sikukatazi kazi hii. Ni nzuri, nami imenisomeshea watoto. Lakini studio ya nyumbani iko nyumbani, na nyumba ina watu wake. Mashine ikihitaji nafasi, ipunguzie nafasi yako wewe. Mgeni umwachie kitanda chake. Mungu aibariki mikono yako, na mlango wako usikose wa kubisha hodi.

Sasa nenda karudishe lile godoro kitandani, utandike shuka. Kwa ajili ya mwangwi, ning'iniza mablanketi mazito. Halafu lete kamera, bibi yako, mama yangu, yuko uani anachambua mchele. Anza naye.