Drili Iliyofika Amina

Shangazi yangu hutengeneza makabati ya jikoni katika karakana yake ndogo chini ya nyumba, huko Schaerbeek, ughaibuni. Siku moja tulikwenda kumtafutia drili ya betri. Muuzaji, jamaa mwenye mikono minene, akamsifia ile kubwa kuliko zote: inatoboa hata zege! Nikakasirika. Wauzaji hawa hudhani kila mtu anajenga daraja.

Shangazi aliinua ile kubwa juu ya kichwa, mkono umenyooka, akaanza kusali Baba Yetu polepole. Ndivyo alivyozoea kupima muda tangu Bukavu, hata anapochemsha mayai. Muuzaji aliponitazama kwa mshangao, nikamweleza kwa Kifaransa.

Kwenye mkate wetu wa kila siku, mkono ukatetemeka. Akairudisha, akachukua ndogo nyepesi, akaanza upya. Alifika Amina mkono umetulia kama msumari ukutani.

"Bon, ni hii," akaniambia. "Kabati tunafungaka juu ya kichwa, hapana chini."

Tulipofika mlangoni niligeuka. Muuzaji alikuwa peke yake, ameinua ile kubwa juu, midomo ikicheza.