Maua ya Maboga Hayanyooshewi Kidole

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, kichuguu kimoja katika shamba la bibi yangu kilizaa maboga upande mmoja, na upande wa pili kikayaangusha yote yakiwa machanga. Udongo ulikuwa ule ule, mbegu zilitoka katika kibuyu kimoja, na mvua ilinyesha pande zote. Tangu hapo nimesoma sana. Nimesoma kuhusu nzi wanaotaga mayai ndani ya maboga machanga, kuhusu nyuki wanaochelewa asubuhi zenye mawingu, na kuhusu maua ya kike yanayonyauka kwa kukosa chavua. Yote nayakubali. Lakini sijapata kitabu cha kunieleza kwa nini mpaka kati ya upande uliozaa na ule ulioangusha ulipita pale pale kidole cha mwalimu kilipoishia.

Tulikuwa tunakaa Nkowe, katika nyumba za mistari kando ya barabara, tulikohamishiwa wakati wa Operesheni Vijiji. Bibi Somoe, mama yake mama, alihama kama wengine, lakini jembe lake halikuhama. Kila msimu alirudi kulima kwenye mahame yake, katikati ya mikorosho aliyoipanda marehemu babu, na maboga aliyapanda kukizunguka kile kichuguu, kwa kuwa boga linapenda udongo wa kichuguu. Kwetu boga halikuwa kitu cha kuongezea ladha. Januari na Februari, mahindi mapya yakiwa bado mabichi na kopo likigonga sakafu ya ghala, tuliishi kwa maboga. Yalianza kutulisha hata kabla hayajawa maboga: Bibi alichuma maua ya kiume, yale yenye kikonyo kirefu chembamba, akayaacha yale yenye kiboga kidogo chini yake. Aliyakatakata pamoja na majani machanga, akayaunga kwa karanga. Mpaka leo sijala mboga ya kuishinda ile.

Mwiko ulikuwa mmoja tu. Kiboga kichanga hakinyooshewi kidole. Ukitaka kumwonyesha mtu, kunja ngumi uelekeze kwa vifundo, au sogeza midomo. Sisi watoto tulikuwa hodari wa midomo. Hata sasa, mtu mzima mwenye wajukuu, nikiulizwa njia hutangulia mdomo, mkono hufuata.

Mwalimu Felista alikuja shuleni kwetu akitokea Marangu, Kilimanjaro. Alishuka kwenye lori lililotoka Nachingwea amepakata makopo ya maziwa yaliyojaa udongo, na katika kila kopo kijiti cha waridi au kipande cha ua lingine la kwao. Wanawake waliokuwa wakisubiri kupakia korosho zao walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Kabeba magugu kutoka kwao," mmoja akasema. "Ina maana kaambiwa huku tumeyamaliza?"

Alikuwa kijana, mrefu, mwenye sauti ya kufika mpaka nyuma ya darasa. Jioni aliyamwagilia maua yake maji aliyooshea vyombo, maana kisima kilikuwa mbali, akawa anayasemesha kwa Kichaga. Mengi yalikufa kwa joto. Machache yalishika.

Siku moja aliwaambia wanafunzi wa darasa la sita, darasa langu, kwamba kesho kila mmoja aje na ua analolipenda na aseme kwa nini. Tulikuja nayo. Mmoja alileta ua la mkrismasi, kwa sababu likichanua shule inafungwa. Selemani, mchekeshaji wetu, alileta shada la ua la mkorosho, akasema baba yake akiona mikorosho imechanua hagombi na mtu mpaka mavuno. Wengi walisema tu kwamba ua lao ni zuri. Mimi nilileta ua la boga, lililokwisha kunywea kwa jua la njiani.

"Na wewe Hawa, unalipendea nini?"

"Linaliwa, mwalimu."

Darasa zima lilicheka. Mwalimu Felista hakucheka. "Huyu ametoa sababu," akasema. "Ninyi mliosema 'zuri', sababu zenu ziko wapi?" Kisha akaniambia hajawahi kuona watu wanakula ua, na kwamba Jumamosi angependa aende akamwone bibi.

Akaja kweli, asubuhi, maua yakiwa bado wazi, maana jua likipanda hujifunga. Aliamkia, akapokewa, tukaenda wote shambani. Alipokiona kichuguu kimefunikwa rangi ile ya manjano, na vichwa vya viboga vinachungulia chini ya majani, alisahau ualimu wake. Akanyoosha kidole kama mtoto.

"Jamani, mengi! Moja, lile pale mbili, lile kule tatu..."

Alizunguka hivyo mpaka nusu ya kichuguu. Hapo Bibi alimshika kiganja, polepole, akamkunja kidole kama mtu anayemfunga mtoto kifungo cha shati.

"Kunja, mwalimu wangu. Huku hatunyooshi."

"Kwa nini, bibi?"

"Yanaona haya. Mtoto mchanga ukimkodolea, ananyonya?"

"Lakini bibi, boga halina macho."

"Halina. Wewe unayo."

Tukacheka wote, na yeye pia. Halafu wakakaa chini ya mkorosho, Bibi akamfundisha kuchambua maua, naye akatueleza sisi watoto jinsi nyuki anavyobeba chavua kutoka ua la kiume kwenda la kike. Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha kupimia, kwa hiyo mengine niliyatafsiri mimi kwa Kimwera. Kabla ya kuondoka Bibi aliniambia nimuulize swali lililokuwa likimsumbua siku nyingi.

"Bibi anasema, yale maua yako hayaliwi wala hayaponyi homa. Unayapendea nini?"

Mwalimu akanigeukia. "Mwambie, waridi likichanua nasikia mama ananiita niingie ndani."

Nilitafsiri. Bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu na kuliona sawa.

Haikupita wiki, viboga vya upande ule wa kichuguu vikaanza kugeuka njano kitakoni, vikalainika, vikaanguka. Upande ambao mwalimu hakuufikia vilinenepa. Bibi aliviokota vilivyooza, akavirundika pembeni, akavifunika kwa majani. Lakini shamba lina wapita njia, na kisimani habari ilifika kabla ya ndoo zetu.

Darasani ndiko mambo yalikoharibika. Mwalimu Felista alizoea kuuliza swali kisha kumwelekezea mtoto kidole: "Wewe!" Siku ile alimwelekezea Selemani. Selemani akazama chini ya dawati.

"Unatafuta nini huko?"

"Nimeangusha kalamu, mwalimu," akajibu kutoka chini, na kalamu iko mkononi.

Akamwelekezea wa pili, naye akazama. Wa tatu akainua daftari kuukinga uso. Tulicheka kwa hofu, mwalimu akadhani ni utundu. Kesho yake Selemani hakuja, ana homa. Msimu ule wa mvua nusu ya kijiji ilikuwa na homa, lakini nani alitaka kusikia hilo? Mwisho wa wiki madawati yalikuwa na mapengo, na watoto wadogo walipomwona mwalimu barabarani walijificha nyuma ya miti wakiimbiana, "Kidole hicho! Kidole hicho!" Hapo ndipo mwalimu alipoelewa.

Kwetu Wamwera, mwenye neno juu ya mtoto ni mjomba. Baba alinilisha na kunivisha, lakini Mjomba Saidi, mtoto wa kwanza wa Bibi, akisema, baba alitazama pembeni. Mjomba alikuwa mtu mwema, na mpaka leo sijaweza kumlaumu. Alikuwa amezika watoto wake wawili. Mtu aliyezika hivyo hangoji ushahidi. Alikuja nyumbani, akaegemeza baiskeli, akasema kabla ya kukaa:

"Hawa haendi tena shule. Mpaka yule mama ahamishwe."

"Shemeji," baba akajaribu, "serikali itauliza."

"Iambie serikali mtoto anaumwa."

Sikulia mbele yao. Lakini nilijua msichana anayeachia darasa la sita alikuwa anaelekea wapi. Wenzangu wawili waliotangulia walikuwa tayari kwa waume, mmoja Ruangwa, mwingine Naipingo. Mwalimu Felista alikuwa amemwambia baba, nami nikisikia, kwamba mwaka unaofuata nikifanya mtihani vizuri ninaweza kuchaguliwa kwenda sekondari. Katika kijiji chetu hakuwapo msichana aliyewahi kuchaguliwa. Sasa nilikuwa nabaki nyumbani kupepeta pumba, na kila siku iliyopita niliona njia ile ikizibwa.

Alasiri moja, Bibi akiwa kwenye mkeka anachambua mbegu za ufuta, na mjomba yuko uani anaziba pancha ya baiskeli, mwalimu akaingia. Amefunga kitenge kiunoni, amepungua. Mkononi ana jani moja refu, la kijani iliyokolea, amelifunga fundo. Alipiga goti mbele ya mkeka, akalinyoosha jani kwa mikono miwili.

Bibi alilitazama, akanitazama mimi. "Hili nalo linapikwa na karanga?"

Mwalimu alicheka huku machozi yanamtoka. "Halipikwi, bibi. Linaitwa isale. Nimelipanda uani kwangu, pamoja na maua yangu. Kwetu mtu aliyekosea akikuletea isale, unamsamehe."

"Na nisipokusamehe?"

"Haiwezekani, bibi. Huwezi kulikataa."

"Nikilikataa inakuwaje?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Niliona aibu inampanda, mwanamke yule aliyetufundisha chavua na nyuki. "Mabaya yatakufuata," akasema kwa sauti ndogo.

Bibi aliacha ungo. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kicheko kisicho na ubaya ndani yake. "Saidi! Njoo usikie! Kumbe na wao wana yao!" Akalipokea jani kwa mikono miwili, kama alivyopewa.

Mjomba alisimama mlangoni, mikono imejaa gundi. "Mama, jani halirudishi maboga."

"Wala mtoto wako kukaa nyumbani hakuyarudishi."

"Na kama ni kidole chake kweli?"

"Mimi sijui kama ni kidole," Bibi akasema, kwa Kimwera sasa, akiwa na haraka ya kueleweka. "Iko miaka yalianguka na hakuna aliyenyoosha. Iko miaka watoto walinyoosha na yakazaa. Ninalojua ni kwamba maboga yameanguka. Unataka na mtoto tumwangushe?"

"Watu watasema."

"Watu wameshasema. Sasa nasema mimi."

Hapo alitoa uamuzi wake, na kwa kuwa mjomba alikuwa mjomba wangu lakini mtoto wake yeye, uamuzi ukasimama. Mwalimu atakuja Jumamosi kupanda upya upande ule wa kichuguu, kwa mkono wake mwenyewe. Nami nitarudi shule, na atakayenirudisha ni yule yule aliyenitoa.

Jumamosi mwalimu alikuja, akazifukia mbegu, akaelekezea mashimo kwa ngumi. Laiti zingekua, huenda leo ningekuwa na jibu. Mvua ilikatika mapema msimu ule, na mbegu zile hazikusema lolote, si kwa upande wa Bibi, si kwa upande wa vitabu.

Nimefikiri sana juu ya wanawake wale wawili. Watu huulizana ni ua gani mzuri kuliko yote, na wapo walioandika kurasa nyingi kujibu. Mimi naona mtu hupenda ua kwa ajili ya kile alichokuwa akikingoja lilipochanua. Bibi alingoja chakula, na katika manjano ile ya alfajiri aliona kwamba wajukuu watavuka Februari. Mwalimu alingoja sauti ya mama yake. Kitu unachokingoja hivyo unakiogopea pia, na ukikiogopea unakiwekea mwiko, au unapanda jani la kukulinda. Sioni aliye mjinga kati yao. Mmoja alijua asichoweza kukithibitisha, mwingine aliamini asichoweza kukifundisha darasani, na wote wawili waliona mapema kuliko sisi wengine kwamba jambo la kuamuliwa halikuwa boga.

Jumatatu asubuhi Mjomba Saidi alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Alifuta baiskeli, akanipakia nyuma, tukaondoka. Tulifika wanafunzi wamesimama mstarini. Mwalimu Felista alikuwa mbele yao, mikono ameificha nyuma. Mjomba alinishusha, akanishika bega, akanisogeza mpaka mbele ya mwalimu, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, ambako baadhi ya baba zao walikuwa wamesimama na majembe wakijifanya wanapita tu:

"Mwalimu, nimekuletea mtoto. Mfundishe."

Akageuza baiskeli, akaikokota kwa miguu mpaka walipokuwa wale wanaume, akasimama nao.

Kabla ya saa nne Selemani alikuwa ameletwa na baba yake.