Kobe wa Bénie na Taa ya Noti

Mnaniuliza Katungu ni mutu wa namna gani? Kichwa ngumu! Naanzia hapo kwa sababu bado nina hasira naye, na nisiposema leo nitapasuka.

Meza yake ya kubadilisha pesa iko sokoni Mabanga, ubavu kwa ubavu na beseni langu la sambaza. Yeye dola na faranga, mimi samaki, na mwavuli wetu ni mmoja. Ukimletea noti ya bandia hakupigii kelele. Anaishusha chini ya meza, anawasha kataa kake ka betri kenye mwanga wa zambarau, anatazama, anakurudishia: "Papa, rudisha hii kule uliitoa." Wanaume wenye magari wamefukuzwa na kataa hako. Hajawahi kudanganywa, na jambo hilo limempanda kichwani.

Kobe aliletwa na bintiye, Bénie. Alikuwa akifua nguo kwa mama mmoja mzungu kule Keshero, na yule mama alipohama akamwachia kobe wa maji, wa kuenea kiganjani. Bénie akamwita Patron, yaani bosi, maana hafanyi kazi yoyote na bado anataka kula wa kwanza. Halafu Bénie akaolewa Butembo, vita ikakata barabara, Patron akabaki na Katungu. Kila Jumapili Bénie anapiga simu ya video. Salamu mbili za haraka, kisha: "Mama, nionyeshe Patron." Katungu aliniambia siku moja, "Ule kobe akikufa, mutoto atanipigia simu ya nini?"

Basi kwa woga wa wezi na mbwa akamfungia Patron ndani, chumba cha nyuma, mlango umefungwa, jua halifiki. Patron akaanza kukataa sambaza wangu. Ukimbonyeza gamba, kidole kinazama. Bénie alipomwona kwenye simu akapiga kelele, akaenda kuulizia, akapiga tena: "Mama, mule iko giza sana. Anahitaji taa mbili. Moja ya joto, ingine ya UV, ya kufanya kazi ya jua."

"UV?" Katungu akacheka. "Si miye iko nayo!"

Jamani! Nilimwambia palepale, "Mama Bénie, ile ni taa ya noti. Patron si dola."

"Mama Jeanine, weye uzisha samaki yako. UV ni UV. Hii taa haijanidanganya hata siku moja."

Akaitundika juu ya beseni la maji la Patron, chini kabisa, hata Patron akiinua shingo karibu aiguse. Akafunika na katoni ili mwanga usipotee! Na ile taa ya joto je? Akafunga ampule, balbu mpya nyeupe, zile za kula kuran kidogo, umeme kidogo, ambazo unaweza kuzishika zikiwaka na mkono ubaki baridi. Nikasema hapo hakuna joto. Akasema nina wivu. Wivu wa kobe!

Macho ya Patron yakavimba, yakafumba. "Anapumzika," Katungu anasema. Anapumzika! Nilichukia. Nikaacha samaki wangu kwa jirani, nikajitwika beseni pamoja na kobe wake, nikaenda kwa Daktari Janvier, yule anayetibu ng'ombe za watu wa Masisi. Katungu nyuma yangu ananitukana njia nzima kama nimemwibia.

Daktari akafungua jicho taratibu, akakunja uso. "Nani alimumulika karibu hivi?" Nikamwelekezea Katungu kidole, nikaitaja ile taa ya noti. "Mama, taa ya noti haina ule mwanga wa kukaza mifupa. Imemuchoma macho tu."

"Basi nitamuweka kwa dirisha," Katungu akasema, sauti ndogo.

"Kioo kinazuia mwanga uleule. Umutoe inje, jua limuguse mwili, na kivuli kiwe pembeni asiungue. Mawingu yakiwa mengi, tafuta ampule ya zamani, ile ya kuchoma mukono, uiweke mbali kidogo, juu ya jiwe kavu. Lakini hiyo ni ya joto tu. Mpaka upate taa ya kobe yenyewe, jua ndilo dawa."

Jicho moja lilifunguka. La pili likabaki jeupe, halioni tena.

Unadhani alinishukuru? Wapi! Alihamishia beseni miguuni petu, nusu juani, nusu chini ya mwavuli, akanuna. Jumapili ikafika, simu ikalia. Katungu akamgeuza Patron ubavu, upande wa jicho zima. Mwanamke anayefukuza watu kwa ajili ya noti za bongo, noti za uongo! Nikainama, nikamgeuza kobe mimi mwenyewe, jicho jeupe likatazama simu.

"Mama! Jicho limekuwa nini?"

"Nilimuwekea taa yangu ya noti," Katungu akasema.

"Ya noti? Kwani huulizaki mutu? Kama humupendi ungesema! Nitakuya kumuchukua!"

Hapo Katungu akasimama, faranga zikamwanguka kutoka mapajani, akapiga kelele hata wauza viazi wakageuka. "Kuya! Kuya umuchukue! Kuya leo! Nani alikukataza kukuya?"

Kwenye simu nilisikia pikipiki ikipita huko Butembo. Katungu alikuwa analia kwa hasira, anajipangusa na kitenge.

"Mama," Bénie akasema mwishowe, "karibisha simu."

Katungu akainama, akaisogeza kwenye beseni.

"Hapana, si Patron. Weye. Nataka kukuona weye."